Kitalu cha Sol Béni: ASEC Mimosas na vijana inaowalea kwa ajili ya wengine

Tarehe 13 Februari 2022 nilikuwa nimekaa kwenye benchi la mbao katika kibanda umiza kimoja cha Temeke, pamoja na wenzangu wachache wa upande wa Yanga ambao, kama ilivyo desturi yetu mtani wetu Simba anapocheza kimataifa, tulikuwa tumekuja kuwaombea dua wageni. Wageni wenyewe walikuwa ASEC Mimosas ya Abidjan, na mchezo ulikuwa wa hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika katika Uwanja wa Benjamin Mkapa. Simba walishinda kwa mabao 3-1. Tikitaka ya Pape Ousmane Sakho, ambayo baadaye CAF, Shirikisho la Soka Afrika, waliitangaza kuwa bao bora la mwaka, ilitusimamisha hata sisi tuliokwenda pale kwa nia nyingine. Lakini nilipotoka kibandani nilikuwa na jina la mtu mwingine kichwani. Bao pekee la ASEC lilikuwa la kiungo mmoja wa mguu wa kushoto, Stephane Aziz Ki, ambaye kila alipopokea mpira alikuwa tayari anajua utakwenda wapi, na nilimwambia aliyekaa jirani yangu kwamba huyu akija kwetu ubingwa haturudishi tena.

Alikuja kweli, miezi michache baadaye. Mwaka 2023 wakafuata Pacôme Zouzoua na beki wa kulia Kouassi Attohoula Yao, wote wawili wakitokea ASEC, na Simba nao wakamchukua winga Aubin Kramo kutoka klabu hiyohiyo. Wachezaji wanne katika misimu miwili, wote kutoka timu moja, na Kariakoo tukawa tunabishana kila asubuhi kuhusu nani kasajili vizuri bila mtu yeyote kuuliza hao waliouza ni akina nani na wamebaki na nini. Swali hilo lilinikaa. Nimelisoma, nimelifuatilia kwa miaka kadhaa, na kadiri ninavyoijua ASEC ndivyo ninavyoamini kwamba hakuna klabu Afrika Magharibi iliyolipa gharama kubwa kama yake kwa uamuzi mmoja tu, uamuzi wa kulea watoto.

Klabu ilianzishwa tarehe 1 Mei 1948, wakati Ivory Coast ikiwa bado koloni la Ufaransa, miaka michache kabla ya mfereji wa Vridi kuufungua mji wa Abidjan kwa meli kubwa za baharini. Jina lake kamili kwa Kifaransa linamaanisha umoja wa michezo wa waajiriwa wa biashara, yaani makarani, watunza stoo na wauzaji wa makampuni yaliyokuwa yakisafirisha kahawa, kakao na mbao. Mimosa ni ua la njano, na jezi ikawa ya njano na nyeusi hadi leo. Mashabiki wake hujiita wanahisa. Neno hilo nililipenda mara moja nilipolisikia, kwa sababu linaeleza namna mtu asiye na karatasi yoyote ya umiliki anavyoweza kuamini kwa moyo wote kwamba timu ni mali yake na kwamba anastahili kupewa hesabu.

Nyota wao wa kwanza aliyejulikana bara zima alikuwa Laurent Pokou. Alichezea ASEC kuanzia katikati ya miaka ya 1960 hadi alipokwenda Rennes ya Ufaransa, na katika Kombe la Mataifa ya Afrika la 1970 aliifunga Ethiopia mabao matano katika mchezo mmoja uliokwisha 6-1. Walimwita Mtu wa Asmara, jina alilolipata katika fainali za 1968 zilizochezwa Ethiopia. Mabao yake 14 katika mashindano hayo yalibaki kuwa rekodi kwa karibu miongo minne, hadi Samuel Eto'o alipoipita mwaka 2008. Kwa hiyo wachezaji wakubwa hawakuwa kitu kigeni pale. Kitu kilichokosekana ni kombe la Afrika, na jambo hilo liliwauma zaidi kwa kuwa majirani zao wote wa mjini walikuwa wakilipata. Stade d'Abidjan walikuwa mabingwa wa Afrika tangu 1966. Africa Sports, watani wao wa jadi wenye jezi za kijani na nyekundu, walitwaa Kombe la Washindi mwaka 1992 kwa kuifunga Vital'O ya Bujumbura katika fainali. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Stella, na hilo sisi Watanzania hatuhitaji kukumbushwa, kwa sababu fainali hiyo ya Kombe la CAF la 1993 Stella waliishinda Simba 2-0 hapahapa Dar es Salaam baada ya sare tasa kule Abidjan. ASEC walikuwa wakitazama sherehe za wengine.

Nyumbani nako hali ilikuwa mbaya kwa muda mrefu. Baada ya ubingwa wa 1980 walikaa muongo mzima bila kuugusa, na katika kipindi hicho Africa Sports ndio waliokuwa wakitamba. Mwaka 1989 uongozi ukachukuliwa na mwanasheria Roger Ouégnin, wa familia inayojulikana sana nchini humo, kwani kaka yake Georges alikuwa mkuu wa itifaki wa Rais Félix Houphouët-Boigny. Ouégnin alimleta kocha Mfaransa Philippe Troussier, na kuanzia hapo ukafuata mfululizo ambao bado ninauona kuwa mgumu kuamini: michezo 108 ya ligi bila kupoteza, kati ya 1989 na 1994. Ubingwa ulikuja mwaka 1990 na haukuondoka kwa miaka sita.

Katikati ya utukufu huo kuna jambo ambalo siwezi kuliruka, ingawa makala nyingi za kuisifu klabu hii huliruka. Mwaka 1993 ASEC walitolewa na Asante Kotoko ya Kumasi katika nusu fainali ya Klabu Bingwa. Kulikuwa na vurugu dhidi ya mashabiki waliosafiri kwenda Ghana, na habari zilipofika Abidjan, zikiwa zimekuzwa njiani, makundi ya watu yaliwavamia Waghana waliokuwa wakiishi mjini humo kwa amani, wakifanya biashara na kulea familia zao. Zaidi ya watu 20 waliuawa. Walikufa kwa sababu ya matokeo ya mpira. Mtu anayeipenda soka ya Afrika Magharibi kwa dhati lazima aijue habari hiyo pamoja na zile za makombe, na ninaamini kila shabiki anayeimba nyimbo za chuki dhidi ya wageni, popote alipo, angepaswa kusimuliwa.

Ni katika kipindi hichohicho, 1993 kuelekea 1994, ndipo Ouégnin na Jean-Marc Guillou walipoanzisha akademi ya klabu. Guillou alikuwa kiungo wa zamani wa timu ya taifa ya Ufaransa, na alipokuwa kocha wa Cannes mwanzoni mwa miaka ya 1980 alimchukua Arsène Wenger kuwa msaidizi wake. Urafiki huo utatusaidia kuelewa mambo yaliyofuata. Akademi iliwekwa Sol Béni, kwenye viwanja vya klabu huko M'Pouto, kando ya ziwa la pwani la Abidjan, na watoto waliochaguliwa walilala hapo, walisoma hapo na kucheza hapo. Mbinu ya Guillou ilikuwa na kitu kimoja ambacho mtoto yeyote wa Manzese au Mwanza angekielewa bila mkalimani: watoto walianza bila viatu. Walicheza peku, kama chandimu zetu, wakipiga danadana na kuugusa mpira mara maelfu, kwa sababu mguu mtupu hauwezi kuudanganya mpira. Daluga zilikuja baadaye, kama kitu cha kustahili. Yaani kile ambacho sisi tumekiona siku zote kuwa dalili ya umaskini, mtu mmoja aliyekwisha kucheza Kombe la Dunia alikitazama akaona ni shule.

Kabla watoto hawajakomaa, wakubwa waliendelea kulitafuta kombe. Mwaka 1995 walifika fainali dhidi ya Orlando Pirates, wakatoka sare ya 2-2 Johannesburg, na mji mzima wa Abidjan ukajiandaa kwa sherehe. Jerry Sikhosana akafunga bao moja katika marudiano, kombe likaenda Soweto. Ilibidi wasubiri hadi Desemba 1998, chini ya kocha Oscar Fulloné kutoka Argentina, ndipo walipoifunga Dynamos ya Harare 4-2 nyumbani baada ya sare tasa ugenini. Ushindi huo nao una doa. Nahodha wa Dynamos, Memory Mucherahowa, aliumizwa katika vurugu zilizotokea wakati timu zikipasha misuli, hakuweza kucheza, na Wazimbabwe hawajasahau. Sioni sababu ya wao kusahau. ASEC walikuwa na timu ya kushinda kwa haki, na tukio lile liliwanyima wao wenyewe furaha iliyo safi.

Kilichofuata ndicho kilichonifanya niandike. Klabu iliyokuwa imesubiri nusu karne kuwa bingwa wa Afrika, na iliyokuwa na kikosi kilichokwisha kuthibitishwa, iliamua kuachana na wengi wa mabingwa wale na kuwapa nafasi wahitimu wa akademi. Fikiria uamuzi huo kwa mizani ya Kariakoo. Fikiria mwenyekiti anayesimama mbele ya wanachama miezi miwili baada ya kutwaa Ligi ya Mabingwa na kuwaambia kwamba kuanzia sasa watacheza watoto wa miaka 17 na 18. Tarehe 7 Februari 1999 watoto hao waliingia uwanjani mjini Abidjan kucheza Super Cup ya Afrika dhidi ya Espérance ya Tunis, timu ya watu wazima wenye uzoefu wa kila aina. Kolo Touré alikuwa hajatimiza miaka 18. Walikuwamo pia akina Didier Zokora, Aruna Dindane, Gilles Yapi Yapo na Venance Zézé. Mchezo ulifika muda wa nyongeza, na hapo, wakati ambapo kila mtu angetarajia miguu michanga ichoke kwanza, wao ndio waliokimbia. Ilikwisha 3-1.

Nimetazama vipande vya picha za siku ile mara nyingi. Kinachonivutia zaidi hata kuliko mabao ni pasi fupi katika maeneo ya hatari, mchezaji akiwa amezungukwa na wawili na bado hapigi mpira mbele kwa woga, kwa sababu tangu akiwa na miaka 12 hakuna aliyemfokea kwa kujaribu.

Mwaka huohuo wa 1999 ubingwa wa ligi ulichukuliwa na Africa Sports. Watoto waliowafunga Watunisia walipoteza nyumbani kwa watani. Hiyo ndiyo bei ya uamuzi ule katika sura yake ya kwanza, na wanahisa waliilipa kwa manung'uniko. Sura ya pili ilikuja polepole zaidi. Miaka michache baadaye Guillou aliachana na ASEC, akahamia Beveren ya Ubelgiji kuanzia 2001, na akawa anawapitisha huko vijana aliowalea, wakiwamo Yaya Touré, Emmanuel Eboué, Gervinho, Romaric na Arthur Boka, kiasi kwamba kuna siku kikosi cha Beveren kilikuwa karibu chote cha vijana wa Ivory Coast. Kolo yeye alikwenda moja kwa moja Arsenal mwaka 2002, kwa yule Wenger aliyewahi kuwa msaidizi wa Guillou, kwa ada inayotajwa kuwa pauni 150,000. Misimu miwili baadaye alikuwa beki wa kati wa kikosi kilichomaliza ligi ya Uingereza bila kupoteza mchezo hata mmoja. Watu walishangaa dunia nzima, na walikuwa na haki ya kushangaa, ila mtoto huyu alikuwa ametoka katika klabu iliyokuwa imecheza michezo 108 kwa namna hiyo. Alipouzwa Manchester City mwaka 2009, mamilioni ya pauni yalikwenda London.

Nchini kwao ASEC waliendelea kutwaa ubingwa mfululizo kuanzia 2000 hadi 2006, na mwaka 2003 walikuwa kundi moja na Simba, Enyimba na Ismaily katika Ligi ya Mabingwa, msimu ambao Simba waliingia makundi kwa kuitoa Zamalek. Lakini kombe la Afrika halikurudi. Haliwezi kurudi kwa timu ambayo kila baada ya misimu miwili inaondokewa na uti wake wa mgongo. Faida ilionekana mahali pengine. Ivory Coast walipofuzu Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza mwaka 2006, kikosi kilijaa wahitimu wa Sol Béni. Na mwaka 2015 kule Bata, katika fainali ya Mataifa ya Afrika dhidi ya Ghana, mikwaju ya penalti ilipofika hadi kwa makipa, aliyesimama golini alikuwa Boubacar Barry, mhitimu wa akademi ileile, kipa wa akiba aliyecheza siku ile kwa sababu wa kwanza aliumia. Aliokoa mkwaju wa kipa mwenzake, akainuka, akaweka mpira chini na kufunga wa kwake. Tisa kwa nane. Barry alikuwa na miaka 35, na alilia kama mtoto.

Baada ya ubingwa wa 2010 ASEC walipitia kipindi kigumu ambacho sitakikalia sana. Séwé Sports ya San-Pédro walitwaa ligi mara tatu mfululizo, AS Tanda mara mbili, na ASEC hawakurudi kileleni hadi 2017. Uimara wa kweli ulirejea mwanzoni mwa muongo huu, walipochukua ubingwa wa 2021, 2022 na 2023 na kufikisha mataji 29 ya ligi. Timu ya Mfaransa Julien Chevalier ndiyo iliyokuja Dar es Salaam siku ile ya tikitaka. Wiki chache baadaye Simba walikwenda kwa marudiano, ambayo yalichezwa Cotonou, nchini Benin, kwa kuwa ASEC hawakuwa na uwanja uliokubaliwa nyumbani, na wakafungwa 3-0. Karim Konaté, kijana mwingine wa Sol Béni, aliuzwa Salzburg mwaka huohuo.

Msimu wa 2022/23 waliingia nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, wakatolewa na USM Alger, timu ileile iliyotunyima sisi Yanga kombe katika fainali kwa kanuni ya mabao ya ugenini. Kwa maneno mengine, tulikosa kwa hatua moja tu kukutana na ASEC katika fainali, huku Aziz Ki akiwa upande wetu na Pacôme na Yao bado wakiwa upande wao. Mimi naamini tungeona mchezo bora kuliko ule tuliouona.

Kwa nini wanaondoka? Wapo wanaosema ni tamaa, nami sikubaliani nao. Mchezaji wa ASEC ana elimu nzuri ya mpira na mshahara mdogo, na ligi yake ya nyumbani haina watazamaji wala fedha za televisheni zinazoweza kumshikilia. Sisi huku, tangu Azam Media waliposaini mwaka 2021 mkataba wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10, na matajiri wa Simba na Yanga wakaongeza vyao, tumekuwa na uwezo wa kumpa kiungo wa Abidjan maisha ambayo hawezi kuyapata kwao. Zamani aliyekuja na pochi alikuwa Mbelgiji. Sasa ni sisi. Msimu wa 2023/24 Aziz Ki alifunga mabao 21 na kuwa mfungaji bora wa ligi yetu, nikamshangilia hadi sauti ikakauka, na sijutii. Kramo hakuwa na bahati hiyo, majeraha yalimnyima nafasi karibu tangu alipofika. Lakini ninaposikia mwenzangu akisema kwamba Yanga imewatengeneza Aziz Ki na Pacôme, humsimamisha. Aziz Ki alizaliwa Adjamé, ndani ya Abidjan, japo anaichezea Burkina Faso. Pacôme alikuja kwetu akiwa tayari mchezaji bora wa ligi ya Ivory Coast. Hao walifika wakiwa wameiva.

Kinachonishangaza ni kwamba kitalu hakikukauka. Baada ya kuondokewa na hao wote katika miezi kumi na miwili, ASEC waliingia Ligi ya Mabingwa ya 2023/24 wakapangwa na Simba, Wydad na Jwaneng Galaxy. Wakatoka sare ya 1-1 kwa Mkapa, bao lao likifungwa na kijana Serge Pokou. Wakatoka sare tasa na Simba Abidjan, na wakaongoza kundi kwa pointi 11, mbele ya Wydad waliokuwa wamecheza fainali mbili zilizotangulia. Ligi ya nyumbani msimu ule iliwaponyoka na kwenda FC San Pédro, kama ilivyokuwa mwaka 1999, na sidhani kama kuna mwanahisa aliyeshangaa.

Katika robo fainali walipewa Espérance, walewale waliofungwa na watoto miaka 25 kabla. Yanga tulipewa Mamelodi Sundowns. Sisi tulicheza dakika 180 bila bao, shuti la Aziz Ki likagonga mtambaa wa panya kule Pretoria, likadunda chini kwenye mstari, likakataliwa, tukatolewa kwa penalti. ASEC nao walicheza dakika 180 bila bao dhidi ya Watunisia, na wikiendi hiyohiyo, nyumbani kwao, wakatolewa kwa penalti. Nilitazama mchezo wao katika kibanda kilekile cha Temeke, ambacho safari hii kilikuwa karibu kitupu kwa kuwa wengi walikuwa bado wana majonzi ya jana yake. Mzee mwenye kibanda alikuja akakaa karibu yangu, akatazama jezi za njano zikitembea kichwa chini kuelekea vyumbani, akamwonyesha kidole mmoja wao aliyekuwa amecheza vizuri kipindi cha pili, na akaniuliza kama huyo naye tunamchukua.